Waliolivaa Jina la Jabez Trembath

Usiniombe nikuapie. Nyumba ilikuwa ya mume wangu, mtoto ni wangu, na aliyekufa alikuwa baba mkwe wangu. Ukiamini, sawa. Usipoamini, shukuru Mungu kwamba hayajakufika, halafu uendelee na shughuli zako.

Jumatano ile ilianza kama Jumatano yoyote ya mwezi wa Januari. Jua kali, nyasi zimekauka, nzi hawana adabu. Garth, mume wangu, alikuwa bondeni anahamisha kondoo. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa mkate, na mtoto wetu wa kiume amelala kwenye kikapu chake pembeni ya meza. Alikuwa bado mchanga, hajaandikishwa jina. Tulimwita Bwana Mdogo. Jina lake la kudumu lilishaamuliwa zamani, ila mimi niliyembeba tumboni sikuulizwa.

Aliyeamua alikuwa baba mkwe, Mzee Lindsay Trembath. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya ngazi, anabomoa lipu ya dohani, lile bomba la moshi la jikoni, kwa patasi, vumbi lote linanishukia kwenye unga wangu. Nilimwambia asubiri nimalize. Akasema mkate wenye vumbi la Jabez Trembath ni mkate wenye baraka. Huyo ndiye aliyekuwa baba mkwe wangu. Kila kitu Jabez.

Jabez Trembath ndiye babu wa kwanza wa ukoo kufika hapa Tasmania. Alikuwa mfungwa, mtu wa Cornwall, aliyeletwa kwa meli na minyororo miguuni kwa kosa la kuchoma mashine ya kupura ngano ya tajiri mmoja. Nyumba hii ya mawe nje kidogo ya Oatlands aliijenga yeye alipopata uhuru. Zamani watu walificha habari za namna hiyo, bibi zetu walikuwa wanasema babu alikuja kama baharia. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtu asiye na mfungwa kwenye ukoo wake anaonekana amekuja juzi kwa ndege. Jirani yetu Barry ana mfungwa aliyeiba leso, na kila mkutano wa zimamoto lazima tuisikie leso. Baba mkwe alikuwa akimjibu kwamba leso ni wizi wa watoto, wake aliteketeza mashine nzima.

Tangu mkewe afariki, mzee alikuwa hana kazi nyingine. Alimfuatilia Jabez kwenye kumbukumbu za Hobart, akaijua meli yake, kijiji chake, rangi ya macho yake, mashamba aliyotumikishwa. Mwisho akamchongea jiwe la kumbukumbu kubwa, akalisimamisha mbele ya nyumba. Jumamosi hiyo ukoo mzima ulikuwa unakuja kulizindua. Na mbele ya jiwe hilo mwanangu angepewa jina: Jabez. Sikulipenda, lakini Garth alinisihi nisilete ugomvi. Nikakubali.

Basi patasi ikagonga mahali patupu. Mzee akaingiza mkono hadi begani, akapapasa, akatoa kiatu.

Kilikuwa kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Ngozi imekakamaa, kisigino kimelika upande mmoja. Kwenye soli kulikuwa na alama ya mshale, ile iliyogongwa kwenye mali ya serikali waliyopewa wafungwa. Ndani kilikuwa kimeshindiliwa manyoya ya kondoo mpaka kimevimba, kisha kikazungushiwa waya, mara nyingi, kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa anafunga kitu kinachopigana naye.

Viatu vya kwenye dohani si habari ngeni huku kwetu. Watu wa kale waliamini kitu kibaya hushuka kwa njia ya moshi, kikikuta kiatu kilichozoea mguu wa mtu kinaingia humo, halafu hakijui kutoka. Mafundi wakikuta kiatu kama hicho hukirudisha, wanapiga lipu, hawasemi. Mimi mwenyewe nisingekigusa.

Shangazi Noelene, dada yake mzee, alikuwa mezani anamenya njegere. Nikaona mikono yake imesimama.

"Kirudishe, Lindsay," alisema, taratibu sana. "Mama alikataza dohani hiyo isiguswe."

"Mama alikataza hata redio," mzee akajibu, na akachukua koleo.

Akakata waya. Akavuta manyoya. Ya juu yalikuwa ya kijivu, ya katikati meusi, yameshikana kwa kitu kilichokauka zamani. Jikoni pakanuka kama buchani siku ya joto umeme ukikatika. Bwana Mdogo akaamka akapiga kelele, na siyo ile ya njaa. Kelele ya njaa ninaijua. Mzee akamnyanyua, akambembeleza, akamwambia, "Nyamaza, Jabez Trembath wangu. Huyu ni babu yako." Mara ya kwanza hiyo kumwita hivyo.

Manyoya yale aliyatupa motoni. Kiatu akakipaka mafuta ya ngozi, akakiweka kwenye kabati la kioo ukumbini na kikaratasi cha maandishi ya mapambo, ili wageni wa Jumamosi wakione. Noelene aliondoka bila kuaga, akaacha njegere zake nusu.

Alhamisi mchana nilikuwa namuogesha mtoto. Nilisikia mtu anatembea ukumbini. Nikaita, "Garth?" Hatua zikaendelea. Ukumbi wetu una sakafu ya mbao, kila sauti unaijua. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine ulikuwa mtupu. Ko, halafu ule mguu wa nyama. Ko, halafu nyama. Zikafika mlangoni pa bafu, zikasimama. Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu.

Nikamgeuza mtoto nimuoshe mgongo, na hapo ndipo nilipouona mstari. Mwekundu, umepita kutoka bega hadi kiunoni, umenyooka. Nikajiambia ni kikapu, ni mshono wa nguo. Nilimpaka mafuta nikambadilisha shuka.

Ijumaa mistari ilikuwa imeongezeka, na mmoja ulitoa damu.

Nilimkimbiza zahanati. Nesi, dada mmoja mstaarabu ambaye tumesoma naye shule moja, alimvua nguo, akamtazama, kisha akanitazama mimi. Sauti yake ikabadilika. Akaniuliza nyumbani tunaishi na nani. Garth ana hasira? Mimi nalala vizuri? Nimewahi kuona giza mbele yangu, nisijue nimefanya nini? Nilielewa anachouliza. Akasema Jumatatu atakuja nyumbani pamoja na mtu wa ustawi wa watoto, ni utaratibu tu, nisijali. Nisijali! Watu wanakuja kumchukua mwanangu, niambiwe nisijali. Nilirudi naendesha gari huku nalia kwa hasira, maana nilijua mimi sijamgusa, na Garth hawezi kumpiga hata mbwa.

Mzee alipomwona akasema ni vipele vya joto. Akamshika kidevu. "Trembath hafi kwa vipele. Sivyo, Jabez?" Mtoto akajikunja mikononi mwangu, akakata pumzi, akalia. Sikulitia jambo hilo maanani wakati ule. Ningelitia maanani, mengi yasingefika yalikofika.

Jumamosi wakaja. Kina Trembath wa Hobart, wa Launceston, wengine wametoka Melbourne na mabegi yao ya magurudumu, wamejaa uwanjani kama watu wa mnadani. Garth alichoma nyama ya kondoo, bia zikafunguliwa, watoto wakakimbizana. Barry naye alikuja, akatania kwamba amekuja na leso yake ajikinge asilie. Watu walijipanga kwenda ukumbini kuona kiatu, kisha wakarudi wakiuliza kiko wapi. Nikaenda mwenyewe. Kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko mfukoni kwa mzee. Kikaratasi kilikuwepo. Kiatu hakikuwepo. Kwenye kioo, kwa ndani, kulikuwa na ukungu, kama mtu amepumulia pale.

Mzee alidhani ni utani wa vijana. Hakutaka sherehe iharibike. Akapanda kwenye ngazi ya baraza, akasoma hotuba yake ndefu kuhusu mnyonge aliyeonewa na matajiri, aliyechapwa viboko na hakulia, aliyejenga kwa mikono yake. Watu wakafuta machozi. Kisha akaniita nilete mtoto mbele ya jiwe. Nilikuwa nimemvika kishati chepesi kilicho wazi mgongoni, kwa sababu ya vidonda. Nilimlaza kifuani kwangu, uso begani, mgongo wake chini ya macho yangu kabisa.

"Kuanzia leo," mzee alisema kwa sauti ya kanisani, "mjukuu wangu ni Jabez Trembath."

Niliona. Sikuota, sikulewa, niliona mchana kweupe. Ngozi ya mwanangu ilizama, halafu ikavimba, mstari mpya ukapita polepole kutoka bega hili hadi mbavu za upande wa pili. Hakuna kilichomgusa. Watu wakapiga makofi na kulirudia jina kwa pamoja, kama walivyofundishwa. Mstari mwingine. Wakalirudia. Mwingine.

Nilikimbia naye ndani. Nyuma yangu nilisikia wanacheka, wanasema mama mwenyewe ana aibu.

Shangazi Noelene alinifuata chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Alikuja kwenye sherehe kwa shingo upande, na hakuwa amepiga makofi. Alitazama ule mgongo mdogo, akakaa kitandani, akawa mzee ghafla.

"Huyo tunayemwimba si babu yetu," alinong'ona. "Babu yetu ni Amos Grice. Ndiye aliyemchapa."

Habari hiyo, aliniambia, wanawake wa ukoo huu walirithishana. Kila mke aliyeingia nyumba hii aliambiwa na mama mkwe wake, ili alinde dohani. Mama mkwe wangu alikufa kabla sijaolewa. Kazi ya kuniambia ikabaki kwa Noelene, na Noelene akaona haya. Nilimtazama kwa macho ambayo sijui kama ameyasahau.

Amos Grice naye alikuwa mfungwa. Alikubali kazi ya kuwachapa wenzake viboko ili apate mgawo mzuri wa nyama na kitanda cha peke yake. Watu wa kazi hiyo, wakishaachiwa huru, hawakuwa na pa kwenda. Popote walipotambuliwa walikutwa mtoni wamekufa. Jabez Trembath alikuwa amebakiza kidogo kumaliza kifungo, na kipande cha ardhi kimeshatengwa kwa jina lake huku bondeni, ambako hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Wakawa pamoja kwenye kambi moja ya mbali, upande wa maziwa, chini ya msimamizi mlevi. Amos akamsingizia kosa. Akamfunga mikono juu, akamchapa, na alipotakiwa kuacha hakuacha. Jabez akafia palepale kwenye kamba. Siku hizo hakuna picha. Amos akavaa nguo zake, akateremka bondeni na jina lake, akachukua ardhi yake, akaoa, akazaa. Alipoanza kumsikia anamfuata akarudi kumfukua, akamvua kiatu, akakijaza manyoya aliyokuwa anafutia mjeledi. Hayo ndiyo aliyoungama akiwa anakufa, kwa mke wa mwanawe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kukaa naye.

"Na Lindsay anajua," Noelene akaongeza.

Nilimwomba aseme tena. Akasema. Mwaka uliopita mzee alitema mate kwenye kichupa, wakapima vinasaba, wakavilinganisha na vya kina Trembath wa Cornwall. Majibu yakaja kwamba hawahusiani hata kidogo. Noelene akamweleza yote hayo aliyonieleza mimi. Kesho yake mzee akaenda kuagiza jiwe.

Nadhani hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Kutojua kunasameheka. Lakini mtu anajua ni mtoto wa mchapaji, halafu anavaa machozi ya aliyechapwa, anayatembeza mbele ya watu, anachomea na nyama? Na anambebesha mwanangu? Nilisikia uchungu mkubwa kwa ajili ya mtu yule aliyekufa zamani kuliko niliowahi kuusikia kwa ndugu zangu wenyewe. Ningekuwa mimi ndiye ningevunja kila dirisha.

Nilimweleza Garth jioni ile wageni walipoanza kuondoka. Akanishika mabega, akasema nimechoka, uzazi ni mgumu, shangazi yake amezeeka. Jumapili asubuhi akaenda kuwasindikiza wa Melbourne uwanja wa ndege. Nyumba ikabaki na watu watatu: mimi, mtoto, na mzee.

Mtoto alikuwa hanyonyi tena. Alikuwa amelala tumbo chini mikononi mwangu, anapumua juu juu, na midomo imeanza kubadilika rangi. Nilikuwa nimeshapiga simu gari la wagonjwa. Wakaniambia limetoka Hobart, nisubiri. Nikaingia jikoni. Mzee alikuwa anakula nyama baridi ya jana, amevaa shati safi, ameridhika.

Nilimwambia najua kuhusu Amos Grice. Kijiko kikasimama. Nikamwambia kwa heshima, maana bado nilikuwa na heshima, atoke twende naye pale kwenye jiwe, aseme kwa mdomo wake kwamba jina si letu, aombe radhi, amrudishie mwenyewe. Hayo tu. Maneno mawili matatu, halafu mtoto apone.

"Baba, nakuomba," nilisema. "Anakufa."

Alimtazama mjukuu wake. Naapa alimtazama, aliona. Kisha akapangusa mdomo.

"Nimeishi Trembath, nitazikwa Trembath. Siwezi kuwa uzao wa mchapaji kwa sababu ya upele."

Ukumbini, sakafu ikalia.

Sote wawili tulisikia. Nilimwona akisikia. Hatua zilianzia kule kwenye kabati la kioo. Ko. Ko. Miguu yote miwili sasa ilikuwa na viatu. Hazikuwa na haraka. Zilipita mlango wa chumba chetu. Zilipita bafu. Harufu ile ya buchani ikatangulia. Nzi wote waliokuwa juu ya nyama wakaruka kwa pamoja, wakatoka dirishani.

Hatua zikaingia jikoni. Zikaja kwangu.

Sikuona mtu. Nilisikia pumzi, nzito, ya mtu aliyechoka. Kisha kishati cha mwanangu kikapanda. Chenyewe. Taratibu. Kama mtu anainua kwa vidole viwili, ili auone mgongo vizuri. Ukasikika mlio wa kitu chenye mikia mingi kikichukuliwa kutoka sakafuni.

Ulimi ulikuwa bado wangu. Nikanong'ona, maana sauti ya kawaida haikutoka.

"Huyu hana kosa. Huyu hajakuibia. Anayejua kwamba jina ni lako na akakataa kulirudisha, ni yule."

Na nikamwonyesha kwa kidole.

"Kirsty," mzee alisema. Hilo tu. Alisema jina langu kama vile ndiyo kwanza ananiona.

Kishati kikashuka. Pumzi ikaondoka usoni pangu. Hatua zikageuka, ko, ko, zikaizunguka meza. Mimi nikatoka na mtoto, nikafunga mlango wa jikoni, nikakaa ngazi za nje juani. Nilitegemea kusikia mayowe. Hapakuwa na yowe hata moja. Niliusikia mjeledi ukikata hewa, ukitua, kisha kimya kifupi, kisha tena. Ulikuwa na mpangilio, kama mtu anayefanya kazi aliyoifanyiwa na anaikumbuka vizuri. Mtoto alisikiliza pamoja nami. Halafu akatafuta ziwa, akanyonya.

Gari la wagonjwa na Garth walifika karibu pamoja. Ndio waliofungua mlango. Baba mkwe alikuwa amesimama mbele ya meko, ameelemea boriti ya juu, mikono imeinuliwa, viganja vimeshika mbao hata ikawa kazi kuvibandua. Shati lake lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti. Mgongo wake ulikuwa mzima, mweupe, hauna hata mkwaruzo. Mdomoni alikuwa na kipande cha ngozi nene, kama walichong'atishwa wafungwa wakichapwa, na meno yalikuwa yamezama humo mpaka yakakutana. Daktari aliandika moyo. Kuhusu kile kipande cha ngozi aliuliza kimetoka wapi, hakuna aliyejua, hakuuliza tena.

Jumatatu nesi alikuja na mwenzake wa ustawi. Wakamvua mtoto nguo, wakamgeuza, wakamwinua dirishani kwenye mwanga. Hakuna kitu. Ngozi laini ya mtoto aliyenyonya akashiba. Nesi akaona aibu, akasema pengine kweli ilikuwa joto.

Mwanangu nilimwandikisha Rory Grice. Ndiyo, Grice, la mchapaji, lakini ni lake halali na hakuna atakayekuja kulidai. Garth hakunisemesha kwa muda mrefu kwa ajili hiyo. Jiwe tuliliacha, maana Jabez alistahili jiwe. Mimi na Noelene tulimleta fundi akafuta maneno yaliyosema ni babu yetu, likabaki jina lake peke yake. Noelene naye akabadilisha lake, uzeeni, watu wa Oatlands wakamcheka. Garth anajua yote, na amekataa katakata kulirudisha. Anasema baba yake alikufa akiwa Trembath. Jina hilo limeandikwa kwenye mlango wa pikapu, limepigwa chapa kwenye magunia ya sufu, na kila anapojitambulisha kwa mtu analitamka kwa kifua mbele. Hatua sijazisikia tena, kwa hiyo nilimwacha.

Kitu kimoja sikumwambia. Siku tuliyomzika mzee nilirudi jikoni kabla ya watu, nikakuta juu ya kizingiti cha dirisha kipande cha tumbaku nyeusi, imesokotwa kama kamba, bado ina unyevu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani, na nyumbani kwetu hakuna anayevuta. Nikamwonyesha Noelene. Alinusa, akairudisha mahali pake haraka, akafuta vidole kwenye sketi.

Akaniambia kwamba enzi zile, mfungwa aliyemtaja mwenzake ili mwenzake huyo achapwe, alilipwa tumbaku.

Niliifukia nyuma ya zizi. Sikujuta, na hata leo nikimtazama Rory anakimbia uwanjani sijuti. Nilidhani basi, tumemalizana, kazi imelipwa.

Leo asubuhi Garth ametoka kwenda mnadani, ameniaga, nikasikia pikapu inashuka. Nikaenda kufungua dirisha la jikoni. Tumbaku iko pale tena, nyeusi, mbichi, mara hii kubwa zaidi.

Na mimi sijamtaja mtu.